Jumla Moja, Majibu Mawili

Tuseme karatasi mbili za maabara ziko mezani, za wanaume wawili. Zote zinaonyesha testosteroni ya jumla nanomoli 12 kwa lita, na pembeni kiwango cha kawaida ni 9.2 hadi 31.8. Wenyewe wangekunja karatasi na kwenda zao. Tofauti imejificha mstari wa chini: SHBG ya mmoja ni 20, ya mwenzake 60.

SHBG ni protini inayobeba homoni za jinsia kwenye damu. Huishika testosteroni kwa nguvu. Albumini nayo huibeba, ila kwa ulegevu. Inayobaki huru ni kama asilimia 2 tu. Unene na kisukari cha aina ya pili huishusha SHBG, ilhali umri mkubwa, baadhi ya magonjwa ya ini na VVU huipandisha.

Mwaka 1999 Alex Vermeulen na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walitoa fomula ya kukisia homoni huru kutokana na namba tatu: testosteroni ya jumla, SHBG na albumini. Tukiweka albumini gramu 43 kwa lita kwa wote wawili, wa kwanza anapata pikomoli 310 hivi kwa lita, wa pili 160 hivi. Karibu nusu! Karatasi nyingi huiandika namba hii kana kwamba imepimwa, kumbe imekokotolewa.

Utafiti wa wanaume wa Ulaya wa miaka 40 hadi 79, uliochapishwa 2010, uliweka mpaka kwenye pikomoli 220. Wa pili yuko chini yake, lakini hilo pekee halimfanyi mgonjwa. Watafiti walitaka pia jumla iwe chini ya nanomoli 11, na dalili tatu ziwepo pamoja: hamu ya tendo kupungua, uume kushindwa kusimama vizuri, na kusimama kwa alfajiri kuadimika.

Na ile 9.2 ilitoka wapi? Mwaka 2017 watafiti waliunganisha vipimo vya wanaume wa Marekani na Ulaya, kisha wakachukua vijana wa miaka 19 hadi 39 wasio wanene na kukata asilimia 2.5 kila upande. Maana yake, kati ya vijana 40 wenye afya, mmoja huangukia chini ya mstari bila kuugua chochote.

Wapo wanaopima homoni huru moja kwa moja. Njia inayoaminika ni kuichuja damu kupitia utando kwa saa nyingi, kwenye nyuzi 37. Vipo pia vitendanishi vya haraka na vya bei nafuu, ambavyo wataalamu wamevilalamikia kwa miaka: pikogramu 15 kwa mililita huko husomeka kawaida, lakini kwa njia ya utando ni ya chini mno. Ndiyo maana kiwango cha maabara moja hakihamishiwi kwenye karatasi ya nyingine.

Kwa huyo wa SHBG 60, hatua inayofuata ni kurudi siku nyingine saa mbili asubuhi, kabla hajanywa chai, atolewe damu upya.