Namna ya Kuipima Riwaya ya Imani, Ukiwa Nyamyumba

Ukitaka kujua kama riwaya ya imani na familia imeandikwa na fundi, usianzie kurasa za kanisani. Mahubiri kila mtu anaweza kuyaandika. Fungua pale watu wanapokula, wanapogawana shamba, wanapomwoza binti, uone kama imani imefuatana nao hadi hapo.

Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, inatosha kuwa mizani. Hapa kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa, na katika vilima vinavyokizunguka wapo waumini ambao kwao bia ni dhambi. Mfikirie mzee wa kanisa ambaye kijana wake ameajiriwa kiwandani, na mshahara huo ndio unaowasomesha wadogo zake. Mwandishi mchanga atampa mzee hotuba ya kurasa mbili. Fundi ataipitisha pesa mikononi mwa mama. Halafu siku ya ibada mama huyo atatenga sadaka kutoka kwenye noti za sambaza, samaki wadogo wa ziwani aliowauza sokoni, na zile za kiwandani azirudishe chini ya godoro bila kusema neno. Hapo msomaji ameshaiona imani, ameiona ndoa, na amejua majirani wanasema nini.

Kipimo cha pili ni sauti ya jamii. Kijiji hakina kauli moja. Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda anayeandika kwa Kifaransa, alilielewa hili vizuri katika Kibogo est monté au ciel ya mwaka 2020. Njaa ya Ruzagayura, ile ya 1943 na 1944, imewabana watu. Padri anataka wamwombe Bikira Maria, na wapo wazee wanaomkumbuka Kibogo, mwana wa mfalme aliyepaa mbinguni ili mvua inyeshe. Kila msimulizi anavutia hadithi kwake, na mwandishi hawaamulii. Namwona hodari zaidi hapo kuliko katika kitabu chake maarufu, Notre-Dame du Nil, kilichopata tuzo ya Renaudot mwaka 2012.

Jihadhari pia na riwaya inayomfanya kila kiongozi wa dini adui wa mila. Jirani hapo Nyundo, Aloys Bigirumwami, aliyepewa uaskofu mwaka 1952, alitumia miaka mingi kukusanya mila, methali na hadithi za Wanyarwanda. Mhusika wa namna hiyo ni mgumu kumtunga, ndiyo maana wengi humkwepa.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni hiki: mwandishi anamtendeaje mtu asiyempenda? Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, Zakaria ni mlevi, tena anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Ingekuwa rahisi kumwacha awe mnyama tu. Lakini tunaiona hofu yake ya aibu, na tunaona jinsi ukali uliokusudiwa kumlinda Rosa unavyomwangamiza. Mwishoni baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu, na msomaji hana pa kujificha kwa kuwa amewaelewa wote wawili. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, na naamini ukweli huo ndio uliowachoma watu.

Kwa riwaya ya Rubavu, wilaya ya Nyamyumba na Nyundo, kipo kipimo kingine kisichoepukika. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia Nyundo wakitafuta hifadhi kwa kanisa waliuawa, mapadri wakiwamo. Mwandishi halazimiki kulisimulia tukio hilo. Ila akiandika sala ya mtu mzima wa huku kana kwamba halikutokea, sala hiyo ni ya uongo.

Kama unaanza, anza na Rosa Mistika, maana imeandikwa kwa Kiswahili chetu. Isome mara mbili: ya kwanza ukiwa upande wa Rosa, ya pili ukimfuata mama yake, Regina.