Kanji 生: Hasara ya kufunza alama kwa maana moja

Miongoni mwa alama za mwanzo kabisa anazofunzwa mtoto wa Kijapani anapoingia darasa la kwanza ni hii: 生. Huandikwa kwa mikwaju mitano tu ya kalamu. Imo katika orodha ya kanji 80 za mwaka huo wa kwanza, na hakuna gazeti, fomu ya serikali wala duka la vyakula nchini Japani utakaloliepuka bila kukutana nayo. Ajabu ni kwamba alama hii nyepesi kwa mkono ndiyo mojawapo ya zile zinazomtoa jasho mgeni kwa miaka na mikaka. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba ugumu huo, kwa sehemu kubwa, hautokani na alama yenyewe. Unatokana na namna inavyofunzwa.

Tuanze na ukweli wa mambo. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka wa 2010 na yenye alama 2,136, inaipa 生 matamshi 12. Mawili yana asili ya Kichina: sei na shō. Kumi yaliyosalia ni ya Kijapani chenyewe: ikiru (kuishi), ikasu (kutumia kitu vyema), ikeru (kupanga maua chomboni), umareru (kuzaliwa), umu (kuzaa), ou (kuota), haeru (kuota, kuchipuka), hayasu (kuotesha, kufuga ndevu), ki na nama. Na hapo hatujataja maneno ya kipekee kama shibafu, yaani nyasi za uwanjani, ambamo alama hiyo hiyo husikika kama fu!

Msomaji atauliza: lugha gani hii yenye wazimu wa kuipa alama moja sauti 12? Kabla hatujacheka, hebu tutazame nyumbani. Andika tarakimu 2. Sasa soma: "watu 2", "vitabu 2", "miti 2", "mayai 2", "siku 2", "Darasa la 2". Umetamka wawili, viwili, miwili, mawili, mbili na pili, na hukusita hata kidogo. Andika "Mei 1" na Mkenya atasoma Mei Mosi, ingawa "kalamu 1" ataisoma kalamu moja na "siku ya 1" ataiita siku ya kwanza. Hakuna mwalimu aliyewahi kutukaririsha orodha ya "matamshi ya tarakimu 2". Tuliyajua maneno kwanza, kisha alama ikaja kuyavaa. Hivyo ndivyo kanji inavyofanya kazi kwa Mjapani.

Historia inaeleza mengine. Alama hizi zilizaliwa Uchina, na 生 ilianza kama mchoro wa chipukizi likitoka ardhini. Zilipitia rasi ya Korea, na kufikia karne ya 5 zilikuwa zikitumika Japani. Zilipofika hazikukuta watu mabubu. Zilikuta lugha yenye maneno yake ya kuzaa, kuota na kuishi, na maneno hayo yakapachikwa juu ya alama ya kigeni. Matamshi ya Kichina nayo yaliingia kwa awamu. Shō ni la awamu ya awali, sei likaja baadaye na mkondo wa nasaba ya Tang. Ndiyo maana siku ya kuzaliwa ni tanjōbi lakini mwanafunzi ni gakusei. Kila tamshi lina kabila lake na wakati wake wa kuingia.

Sasa tuje kwenye lawama. Kitabu kilichowaathiri wanafunzi wengi wa kigeni ni Remembering the Kanji cha James Heisig, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1977. Mbinu yake ni hii: kila kanji hupewa neno moja la Kiingereza, kisha mwanafunzi hutunga kisa cha kumkumbusha sehemu za alama. Matamshi huachwa kabisa hadi juzuu ya pili. Kwa 生 neno lililochaguliwa ni lile la Kiingereza lenye maana ya uhai. Programu nyingi za simu na kadi za kukariri zimefuata mkondo uo huo: alama upande mmoja, neno moja upande wa pili, basi.

Tumtendee haki mwandishi huyo. Hakudai kwamba neno moja ndilo maana yote. Alitaka kutenganisha mzigo wa kukumbuka umbo na mzigo wa kukumbuka sauti, na kwa umbo visa vyake vinasaidia kwelikweli. Mtu mzima asiye na miaka sita ya shule ya msingi ya Kijapani anahitaji njia ya mkato. Hilo nalikubali. Ninalolipinga ni kwamba neno la kushikizia kumbukumbu, likirudiwa mara mia, huacha kuwa kishikizo likawa ndilo maana. Mwanafunzi haoni tena 生. Anaona neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kijapani.

Kwa Mkenya hasara ni maradufu, kwa kuwa anakifikia Kijapani kwa kupitia mlango wa Kiingereza. Neno hilo moja la Kiingereza, Kiswahili hulipasua katika uhai, maisha na uzima. Kijapani nacho hulipasua kwa mipaka yake: seikatsu ni maisha ya kila siku, ya kupika, kulipa kodi na kupanda basi, jinsei ni maisha ya binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, uhai unaoweza kupotea ajalini ni inochi, na huandikwa kwa alama nyingine kabisa, 命. Mswahili angeweza kuzishika tofauti hizi upesi kwa kuwa lugha yake imeshamzoesha kutofautisha. Kadi ya Kiingereza inamlazimisha kuzisahau kwanza.

Uone sasa mfano wa jikoni. Chaza wanaouzwa Japani huwekewa maandishi kwenye pakiti. Wengine wameandikwa 生食用, seishokuyō, yaani "wa kuliwa wabichi". Wengine wameandikwa kwamba ni wa kupikwa. Mwanafunzi aliyekariri neno moja atasoma "uhai, kula, matumizi" na kubaki ameduwaa. Anaweza kubuni kwamba ni chakula cha kuhifadhi uhai! Tofauti ya pakiti hizo mbili ni tofauti ya kulala salama na kukesha ukiharisha. Hapa elimu ya maana si pambo la wasomi.

Ubichi huo, nama, nao una mambo. Samaki mbichi, yai bichi, maji yasiyochemshwa: vyote ni nama, na mtu angedhani tumeshapata kisawe cha -bichi. Bado. Nama biiru ni bia isiyopitishwa kwenye joto. Matangazo mubashara ya televisheni ni namahōsō. Embe la nama ni embe halisi, lisilokaushwa wala kugandishwa, na huenda limeiva likawa tamu kama asali. Ilhali kwetu embe bichi ni lile la kuliwa kwa chumvi na pilipili. Kwa Kiswahili kinyume cha -bichi ni -bivu au kilichopikwa. Kwa Kijapani nama ni kitu ambacho hakijapitishwa mikononi mwa kazi nyingine, iwe moto, kinasa sauti au kiwanda. Maana hiyo haimo kwenye kadi yoyote yenye neno moja. Hupatikana kwa kukutana na maneno yenyewe, moja baada ya jingine.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo wapenzi wa lugha tunapaswa kulichunga: ulevi wa asili za maneno. Sensei, jina la heshima la mwalimu, daktari au wakili, limeundwa kwa alama ya "mbele" na hii 生, kwa hiyo ni "aliyetangulia kuzaliwa". Hupendeza kusikika, hasa kwetu tunaosema kuishi kwingi ni kuona mengi. Ila mwalimu wa umri wa miaka 23 huitwa sensei na babu ya mwanafunzi wake, na hakuna anayehesabu tarehe za kuzaliwa. Asili hutueleza neno lilikotoka. Matumizi ndiyo yanayotueleza lilipo.

Basi 生 ifunzwe vipi? Ifunzwe ndani ya maneno. Kitenzi chake karibu kila mara hufuatwa na silabi za hiragana zinazomwonyesha msomaji tamshi: 生きる ni ikiru, 生まれる ni umareru, 生える ni haeru. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Kutoka mzizi wa -zaa tumepata zaliwa, mzazi, kizazi, mazao na uzalishaji, na ni mwisho na mwanzo wa neno unaotuambia tuko wapi. Isitoshe, uzalishaji wa kiwandani kwa Kijapani ni seisan, neno linaloanza kwa 生 hii hii. Meno ya mtoto na ndevu za kijana, ambazo kwetu "huota" kama mmea, kwa Kijapani huwa haeru, kama majani ya mvua za masika. Daraja la namna hii lipo tayari kati ya lugha hizi mbili. Tatizo ni kwamba vitabu vinavyouzwa vinatuzungusha London kabla ya kutufikisha Tokyo.

Na tusidhani somo hili ni la wanafunzi wa Kijapani peke yao. Ni mara ngapi katika madarasa yetu ya Kiswahili msamiati hufunzwa kwa kisawe kimoja, mstari chini, twende mbele? Mtoto aambiwe kwamba "-zima" ni "-enye afya", kisha akutane na mkate mzima na mtu mzima. Atadhani mkate umepona maradhi. Mwalimu anayempa mtoto sentensi tano za neno moja anamfaa kuliko anayempa maneno matano ya sentensi moja.

Wajapani wana neno la ujuzi wa aina hiyo ya kadi. Huuita namakajiri: kuguguna kitu kingali kibichi. Na neno hilo, bila shaka, huandikwa kwa 生.