Barua Moja, Vipindi Viwili: Utungaji na Fasihi katika Ufundishaji wa Uandishi wa Kubuni

Mwanafunzi wa kidato cha nne katika kata ya Njoro, Manispaa ya Moshi, sawa na mwenzake wa kwingineko Tanzania Bara, hukutana na barua mara mbili ndani ya somo moja la Kiswahili. Katika utungaji hufundishwa barua ya kirafiki na barua ya kikazi: anwani ikae upande gani, tarehe ifuate nini, salamu iwe ipi, hitimisho liandikweje. Katika fasihi andishi huisoma barua ya Furaha katika tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds, kisha huulizwa dhamira, migogoro na ujumbe. Vipindi hivyo viwili havisalimiani. Makala haya yanadai kwamba mpasuko huo, kuliko uhaba wa vipaji au wa vitabu, ndio unaodhoofisha ufundishaji wa uandishi wa kubuni shuleni na, kwa kuwa walimu hutoka huko huko, vyuoni pia.

Barua ya Furaha inastahili kutazamwa kwa karibu. Furaha amekufa kwa UKIMWI na ameacha barua isomwe mazishini. Inajulikana kwamba ndani yake mna orodha. Wanaume waliokuwa na uhusiano naye wanaamini kuwa ni orodha ya majina, na hofu yao ndiyo inayoisukuma tamthiliya: barua haijafunguliwa, lakini imekwisha kufanya kazi. Inaposomwa, inabainika kuwa ni orodha ya mambo ambayo yangeweza kuyaokoa maisha yake. Ukiondolewa katika muktadha huo, ujumbe wake haupiti bango la zahanati. Nguvu yake imo katika kucheleweshwa kwake, katika nani anaisubiri na anachokiogopa. Mazoea ya uchambuzi wa darasani huuliza mwandishi anafundisha nini, na jibu hupatikana upesi. Kwa nini barua isisomwe mwanzoni? Swali hilo halimo katika mazoea hayo, kwa sababu ni swali la mtunzi, na darasa la fasihi halimtarajii mwanafunzi kuwa mtunzi.

Mifano ya aina hiyo ipo tele. Katika Rosa Mistika (1971), riwaya ambayo Euphrase Kezilahabi aliichapisha muda mfupi baada ya kumaliza shahada yake ya kwanza, barua ya Charles inamponza Rosa kwa baba yake Zakaria. Kipigo kinachofuata kinaanza kueleza mengi yatakayomkuta binti huyo mbele ya safari. Maneno ya barua ni machache. Mzigo wake ni mkubwa kwa sababu imesomwa na mtu ambaye hakuandikiwa. Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, yenyewe ni barua nzima ya Ramatoulaye aliye katika eda, akimwandikia rafiki yake Aissatou mambo ambayo mengi rafiki huyo anayajua tayari. Mwandikaji anayemweleza msomaji wake jambo lisilo geni kwake ana sababu nyingine ya kuandika, na sababu hiyo ndiyo riwaya.

Mwanafunzi asiyefundishwa kuona haya huandika kama alivyofundishwa kuchambua. Huanza na dhamira, tuseme madhara ya ulevi, halafu hutafuta mhusika wa kuibeba, kisha humwadhibu. Kijiji hakina jina, mvua hainyeshi mahali popote hasa, na mlevi hufa katika aya ya mwisho ili msomaji ajifunze. Si kwamba mwanafunzi hana ubunifu. Ametii. Vipengele vya fani na maudhui, ambavyo ni zana za kuifungua kazi iliyokamilika, amevigeuza kuwa kalibu ya kufyatulia kazi ambayo haijaanza. Hata nchini Kenya, ambako karatasi ya Insha ya mtihani wa KCSE humpa mtahiniwa nafasi ya kutunga kisa kitakachothibitisha methali, au kitakachoanza au kuishia kwa maneno aliyopewa, methali huelekea kukivuta kisa kwenye funzo kabla wahusika hawajafungua vinywa.

Kwa Moshi hasara ni kubwa zaidi ya alama za mtihani. Miteremko ya Kilimanjaro ina historia ndefu ya watu wake kuandika kwa Kiswahili juu ya maisha yao. Petro Itosi Marealle alichapisha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947, akiyaeleza kwa Kiswahili mambo ambayo wengi wa watu wake waliyaishi kwa Kichaga. Katika miaka ya 1950 gazeti la Komkya lilichapishwa Moshi kwa Kiswahili, nalo lilibeba barua za wasomaji waliobishana juu ya mambo ya nchi yao. Waandishi hao walikuwa na jambo la kusema, msomaji wa kumshawishi na mpinzani wa kumjibu. Barua ya kirafiki ya darasani, inayomjulia hali rafiki wa kubuni na kumweleza kuhusu mahafali, haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Hapa pia suala la lugha linaingia. Maneno kihamba, mfongo, mbege na sale yanapotokea katika insha, ni rahisi kwa kalamu nyekundu kuyapigia mstari kama athari ya lugha mama. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa yote, kwa maana neno la kienyeji lililotupwa tu ili kuipamba insha ni ulemavu wa mtindo kama tashibiha iliyochakaa. Lakini yapo mambo yasiyosemeka pasipo neno lake. Kwa Wachaga, jani la sale hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kumwomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Kwa mtunzi, jani hilo ni barua isiyo na maandishi. Mwanafunzi anayelijua hilo na kulinyamaza, akaandika badala yake kwamba mhusika wake “aliomba radhi”, amesalimisha kitu ambacho Kiswahili kingekipokea bila shida.

Zoezi la kuviunganisha vipindi hivyo viwili halihitaji kitabu kipya. Darasa likishamaliza Orodha, kila mwanafunzi aandike barua ambayo mmoja wa wanaume wale angemwandikia mkewe usiku wa kuamkia mazishi. Mwanamume huyo hajui kilichomo katika orodha. Je, akiri au asubiri? Rasimu hiyo isipewe alama. Wiki inayofuata barua ileile iandikwe upya kwa msomaji mwingine: padri, kaka, au Furaha mwenyewe. Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba akibadilisha msomaji, salamu hubadilika, mpangilio wa habari hugeuka, na uongo mmoja huhitajika mahali ambapo haukuwepo. Muundo wa barua, ule wa anwani na tarehe, huanza ghafla kuwa na maana: mtu anayeficha alipo hataandika anwani.

Kutoka hapo njia ya kwenda Njoro ni fupi. Kaka anayeishi Dar es Salaam hajarudi nyumbani Desemba ya tatu mfululizo, wakati ambapo barabara za kupanda mlimani zimejaa magari ya wanaorejea kusherehekea Krismasi, na mpaka wa kihamba umesogezwa na jirani. Dada anamwandikia. Je, aanze na mpaka au na afya ya mama? Pingamizi kwamba vijana hawaandiki tena barua, bali hutuma ujumbe kwa simu, haliondoi swali hilo. Ujumbe wa simu nao una mtu anayeungoja, na dada bado ataamua asiseme nini.

Kikwazo halisi ni masahihisho. Mwalimu mwenye mikondo kadhaa iliyojaa wanafunzi hawezi kuzisoma rasimu mbili za kila mmoja. Anaweza, hata hivyo, kusoma aya ya kwanza ya kila rasimu pamoja na sentensi moja ya mwanafunzi inayoeleza alichobadilisha na kwa nini, na kutoa alama kwa sentensi hiyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, huutambua mswada uliokwisha kukamilika, na ndivyo tuzo zilivyo. Kazi ya shule iko nyuma ya hapo, kwenye rasimu iliyofutwafutwa. Vyuoni, ambako si ajabu mtihani wa uandishi wa kubuni kumtaka mwalimu mtarajiwa aeleze sifa za mwandishi bora kwa hoja sita, mabadiliko yangeanza kwa kumtaka awasilishe barua mbili za mhusika mmoja na maelezo ya tofauti zake, kabla hajatumwa kwenda kumfundisha mtoto wa mtu mahali pa kuweka tarehe.