Alama 100 za mvinyo, na nusu ni za bure

Mvinyo ukipata alama 50 kwa mizani ya Robert Parker, haujapata kitu. Hesabu yenyewe inaanzia hapo. Parker, mwanasheria wa Maryland aliyeanzisha jarida la The Wine Advocate mwaka 1978, aliziacha alama 20 zilizozoeleka kwa wahakiki wa Ulaya, akaiga usahihishaji wa mitihani ya shule za Marekani. Zinazogombewa ni 50 zilizobaki: rangi na mwonekano hadi 5, harufu hadi 15, ladha na jinsi inavyokawia kinywani hadi 20, ubora wa jumla na uwezo wa kukomaa chupani hadi 10.

Zile 5 za rangi karibu kila chupa inazipata zote au inapungukiwa na moja tu, kwani viwanda vya siku hizi ni nadra kutoa mvinyo wenye ukungu. Utata uko kwenye 10 za mwisho. Mwonjaji anatema funda moja (kazini hawamezi), kisha anatoa alama kwa hali ya mvinyo miaka kumi na zaidi ijayo. Huo ni utabiri. Parker alijijengea jina kwa utabiri wa namna hiyo, alipousifu mvinyo wa Bordeaux wa 1982 wakati wengine wakisitasita.

Je, ulimi unaweza kweli kutofautisha 89 na 91? Robert Hodgson, mtaalamu mstaafu wa bahari mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo California, alitaka kujua, maana mvinyo wake ulikuwa ukipata dhahabu shindano hili na kutoka mikono mitupu lile. Katika mashindano ya maonyesho ya jimbo hilo, majaji waliletewa glasi zisizo na majina, na baadhi ya mvinyo ulirudishwa mara tatu kutoka chupa ileile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: ni takriban jaji mmoja kati ya kumi aliyebaki ndani ya daraja moja la medali. Wengi walipishana na alama zao wenyewe kwa takriban 4, juu au chini. Walichokuwa na msimamo nacho zaidi ni mvinyo wasioupenda.

Kwa hiyo alama ya chini sana iamini. Ukikuta 89 na 91 zimepangwa pamoja dukani, chukua ya bei nafuu.