0.01%: Namba Iliyoliponza Jaribio Zuri

Jaribio la BAM, la kuunganisha lenzi na matone ya atropini ili kupunguza kasi ya miopia (kutoona mbali) kwa watoto, liliharibika kabla mtoto wa kwanza hajatiwa tone. Liliharibikia kwenye karatasi ya mpango, pale ilipoandikwa atropini 0.01%. Wataalamu wa Ohio State walipima kwa uangalifu, wazazi wakakumbuka kichupa kila usiku, lakini hakuna bidii ambayo ingeliokoa.

Mliofuatilia mnajua lilivyoisha. Watoto waliingia wakiwa na umri wa miaka 7 hadi 11. Mchana walivaa lenzi laini za multifokali zenye nyongeza ya +2.50, na usiku wakienda kulala walitiwa tone. Baada ya miaka mitatu miopia yao ilikuwa imeongezeka kwa diopta 0.52. Wenzao waliovaa lenzi za nyongeza hiyohiyo bila tone lolote waliongezeka kwa 0.55. Miaka mitatu ya matone kwa tofauti ya 0.03, wakati lenzi zenyewe huuzwa kwa hatua za 0.25! Kwa urefu wa jicho ilikuwa milimita 0.31 dhidi ya 0.39, pengo ambalo kitakwimu halikusimama. Lenzi ilifanya kazi yake barabara: waliovaa za kawaida waliongezeka kwa 1.09.

Sasa hiyo 0.01% ilitoka wapi? Ilitoka kwenye jaribio la ATOM2, Singapore, matokeo ya 2012. Watoto 400, nguvu tatu za dawa: 0.5%, 0.1% na 0.01%. Baada ya miaka miwili ongezeko lilikuwa diopta 0.30, 0.38 na 0.49. Watu wakashangilia kwamba dawa dhaifu kabisa inaikaribia ile kali, tena bila kumtesa mtoto na mwanga wa jua. Ila ripoti ileile ilikuwa na urefu wa jicho, na huko mambo yalikuwa mengine. Macho ya waliotumia 0.01% yalirefuka kwa milimita 0.41. Fungua jaribio lililoitangulia, ATOM1 ya 2006, jiji hilohilo, muda uleule, uangalie macho yaliyotiwa dawa bandia: milimita 0.38. Yaani jicho lililopewa 0.01% lilirefuka sawa na lililopewa maji matupu, na kama kuna kilichozidi, kilizidi upande mbaya.

Namba hizo mbili zilikuwa zimechapishwa na yeyote angeweza kuzisoma. Kuzilinganisha kulihitaji kalamu tu.

Nimelisema hili katika safu hii mpaka wengine wamenichoka: miopia ni ugonjwa wa urefu. Retina kuvutwa, kuwa nyembamba na kubanduka ukubwani ni matokeo ya milimita. Diopta hubadilika kutegemea jinsi misuli ya jicho ilivyolegezwa kabla ya kipimo, na atropini ni dawa ya kulegeza misuli hiyohiyo. Kuipima atropini kwa diopta peke yake ni kumfanya mshtakiwa awe shahidi.  

Upo utetezi mwingine, kwamba 0.01% ikiachwa miopia hairuki. Ni kweli. Katika mwaka wa mapumziko wa ATOM2, waliotoka kwenye 0.5% waliongezeka kwa diopta 0.87 na wa 0.01% kwa 0.28 tu. Lakini dawa ambayo haikuzuia jicho lisirefuke ingeachia nini?

Watetezi wa BAM watasema jaribio la LAMP la Hong Kong halikuwapo wakati mpango unaandikwa. Halikuwapo, kweli, lilitoka baadaye, likiwa na kundi lake lenyewe la dawa bandia, likamaliza ubishi. Kwa mwaka mmoja macho ya 0.05% yalirefuka milimita 0.20, ya 0.025% milimita 0.29, ya 0.01% milimita 0.36, na ya dawa bandia 0.41. Ila LAMP ilithibitisha tu kile ambacho ATOM2 ilishakionyesha miaka kadhaa nyuma.

Halafu kuna huu mtindo wa kukopa kundi la kulinganishia, ambao sitauzoea. ATOM2 haikuwa na kundi la dawa bandia, ikaazima la ATOM1. BAM nayo ikaazima watoto wa BLINK, jaribio lililotangulia la lenzi hizo. Mkopo wa BAM ulikuwa na heshima zaidi kwa kuwa umri ulilinganishwa na nyongeza ya lenzi ilikuwa ileile, lakini watoto hawakugawanywa kwa kura. ATOM1 walipiga kura, wakatia 1% jicho moja tu la mtoto na kuliacha la pili, na baada ya miaka miwili jicho lenye dawa lilikuwa fupi kwa milimita 0.02 kuliko lilivyoanza. Watoto walikunja uso juani na dawa ilipoachwa miopia iliruka, hilo halifichiki. Lakini swali lao lilipata jibu.

Wapo watakaonirushia ortho-K, lenzi za kulalia. Hong Kong hiyohiyo, 0.01% pamoja na lenzi hizo: kwa mwaka mmoja milimita 0.07 dhidi ya 0.16 za lenzi peke yake. Matokeo mazuri. Angalieni tu kwamba faida ilipatikana nusu ya kwanza ya mwaka. Nusu ya pili macho ya makundi yote mawili yalirefuka kwa mwendo unaofanana.

Sababu ya kuunganisha lenzi na tone ni nzuri, na ndiyo maana nimekasirika. Enzi za mtafiti Josh Wallman, aliyechunguza macho ya vifaranga kule New York, watu walianza kwa kuuliza jicho linajuaje kwamba lirefuke. Mwaka 1993 McBrien na wenzake wakaonyesha kwamba atropini huzuia miopia ya kifaranga, ingawa misuli ya kuonea karibu ya kifaranga haiisikii dawa hiyo. Kwa hiyo dawa ina njia yake, na lenzi inayoelekeza mwanga mbele ya retina ina njia yake. Tena katika LAMP 0.05% ilipanua mboni kwa takriban milimita moja, 0.01% kwa nusu tu, na mboni pana huruhusu sehemu za pembeni za lenzi zifanye kazi zaidi. Gharama ya 0.05% ni kupungua kwa nguvu ya kuonea karibu kwa takriban diopta 2. Mtoto wa shule ya msingi anazo zaidi ya 10.

BAM ilikuwa kama kocha anayeongeza mshambuliaji ambaye msimu mzima hajalenga goli, kisha wachambuzi wanasema kucheza na washambuliaji wawili hakufai. Matokeo ya BAM yanaihukumu 0.01%. Hayaihukumu hoja ya kuunganisha.

Mzazi uliyeandikiwa lenzi na tone kwa pamoja, usiache wala kubadilisha chochote mwenyewe. Soma kichupa. Kikiandikwa 0.01%, muulize daktari wako kwa nini si 0.05%, na aweke mezani urefu wa jicho la mwanao kwa milimita, tangu kipimo cha kwanza.