Fundi Anayeanza na Kalamu

Kwenye kila pasi ya umeme kuna maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyasomi, mathalani: volti 230, wati 1000. Fundi ninayetaka kumsifu huyasoma kabla hajashika bisibisi. Hugawa wati kwa volti, akapata ampea 4.3 na ushei. Kisha hugawa volti kwa ampea hizo, akapata ukinzani wa ohmu 53 hivi. Pasi haijafunguliwa wala haijachomekwa, na tayari anajua maltimita imwambie nini atakapogusisha ncha zake kwenye miguu ya plagi. Ikisoma karibu na 53, koili ni nzima na ubovu uko kwingine. Ikisoma sifuri, ole wake atakayeichomeka. Ikikataa kusoma kabisa, huenda kuna mahali pamekatika. Lakini hasemi hivyo kabla hajazungusha kile kidude cha kupandisha joto, maana kikiwa kimezimwa, hata pasi nzima husoma kama iliyokatika.

Huo ndio ufundi wenyewe. Volti mara ampea ni wati. Volti gawanya kwa ampea ni ohmu. Ukishika viwili kati ya hivyo vinne, viwili vilivyobaki havina pa kujificha.

Uhusiano huu ulitafutwa kwa jasho. Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi makufuli wa mji wa Erlangen, Ujerumani, alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne alipoanza kupima jinsi waya unavyopunguza mkondo. Betri za wakati huo zilikuwa vigeugeu: ukipima sasa na ukarudia baada ya muda mfupi, nguvu imeshashuka. Akaachana nazo. Aliunganisha bismuthi na shaba, kiungo kimoja akakiweka kwenye joto la maji yanayochemka na cha pili kwenye barafu, akapata chanzo kisichoyumba. Hapo ndipo nyaya zake za urefu mbalimbali zilipoanza kumpa namba zinazopatana. Kitabu alichokitoa mwaka 1827 kilipokewa kwa ubaridi kwao. Heshima ilimjia kutoka Uingereza mwaka 1841, Royal Society ilipomtunuku medali ya Copley. Namheshimu zaidi kwa ile subira ya kutafuta kwanza kipimo cha kuaminika, ndipo aseme neno.

Subira hiyo bado inahitajika. Chukua globu ya zamani ya wati 100, ile yenye uzi wa tungsteni. Kwa hesabu ya kibandiko inapaswa kuwa na ohmu 529. Ipime ikiwa imepoa mezani, utaona kitu kama 40. Hesabu haijakosea na maltimita haijadanganya. Uzi ule ukiwaka hupita nyuzi joto 2,000 za Selsiasi, na kadiri unavyopata joto ndivyo ukinzani wake unavyopanda. Basi globu inapowashwa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, huvuta mkondo mara kumi na zaidi ya ule wa kawaida. Ndiyo sababu globu nyingi ziliungua palepale zilipowashwa. Pasi haina tabia hiyo, kwani koili yake ni ya nikromu, aloi ambayo ukinzani wake hubadilika kidogo tu ikipata moto. Fundi mzuri anazijua hesabu, na anajua pia kifaa gani kinazitii kikiwa baridi.

Hujua vilevile kwamba volti zikishuka, joto halishuki kwa kiasi kilekile, bali huzidi. Jioni, mtaa mzima unapopika, volti zikianguka hadi 180, pasi ile ya ohmu 53 huvuta ampea 3.4, na wati zake hubaki 610 hivi. Volti zimepungua kwa asilimia 22 hivi, lakini joto limepungua kwa asilimia 39. Mwenye pasi analalamika kwamba imechoka, kumbe pasi ni nzima.

Kwa friji na mashine zenye mota ni habari nyingine: kwenye umeme wa nyumbani, volti mara ampea hukupa namba iliyozidi wati halisi. Hapo fundi hupunguza mwendo.

Lakini mahali ninapoithamini hesabu hii kuliko pote ni kwenye soketi iliyolegea. Skrubu haikukazwa sawasawa, na ukinzani wa nusu ohmu umejificha pale waya unapogusana na shaba. Nusu ohmu ni kitu gani? Birika la wati 2000 huvuta ampea 8.7. James Joule wa Salford alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba joto hufuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe: 8.7 mara 8.7 mara nusu, karibu wati 38. Hilo ni joto la kifaa cha kulehemu, limefungiwa ndani ya plastiki mahali padogo kama ukucha. Plastiki inageuka kahawia, kisha inanuka. Fyuzi haikatiki, kwa sababu mkondo haujazidi. Hakuna kitakachomlinda mwenye nyumba isipokuwa mtu aliyekaza ile skrubu akijua kwa nini anaikaza.

Mtu huyohuyo, akiitwa kupeleka umeme jiko la uani, mita 40 kutoka nyumbani, huanza na kalamu. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ohmu 12 hivi kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 80, karibu ohmu moja. Birika likichemka, wati kama 68 zitapotelea njiani. Hizo zinavumilika. Ila mama mwenye nyumba amesema mwakani ataongeza jiko la umeme, na mkondo ukiwa maradufu, upotevu huwa mara nne: wati 270, zinazopasha moto waya uliozikwa ukutani. Anaandika waya wa 2.5. Mama akiuliza mbona bei imepanda, anamgeuzia karatasi na kumwonyesha mstari kwa mstari.