Kocha, Meneja na Mwalimu: Ugomvi wa Wapenzi wa Mpira na Udhaifu wa Istilahi Zetu

Mwishoni mwa mwaka 2025 tulikuwa Korogwe kwa shughuli ambayo haikuhusiana kamwe na michezo. Klabu ya Simba ilikuwa imekwisha kuachana na Dimitar Pantev, raia wa Bulgaria, na kila baraza la kahawa baina ya Korogwe na Handeni lilikuwa na jina lake la mtu afaaye kushika nafasi ile. Mmoja alitaka Mzungu, mwingine akataka Mwarabu wa kaskazini mwa Afrika, wa tatu akashikilia kwamba mzalendo ndiye anayeijua timu kuliko wote na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Wapenzi wa Yanga nao walikuwapo, kwa kazi ya kuchochea tu. Tulisikiliza kwa muda wa saa nzima hivi, nasi tukiwa na mapenzi yetu ambayo hatutayataja katika kurasa hizi, kabla hatujang'amua kwamba wale ndugu hawakuwa wakibishana juu ya mtu. Walikuwa wakibishana juu ya kazi, na jina la kazi hiyo lilikuwa limewagawa bila wenyewe kujua.

Mzee mmoja alisema kwamba Simba inahitaji meneja. Kijana aliyeketi karibu naye akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, meneja wa timu yupo siku zote, ndiye anayeshughulikia hoteli na basi. Sisi tunataka kocha." Mzee akatikisa kichwa. "Meneja gani huyo, mwanangu, asiyeweza kumfukuza mtu?"

Jibu hilo lina historia, na msomaji asiyeijua Korogwe hataona uzito wake. Mji huu umezungukwa na mashamba ya mkonge, kama vile Magunga na Ngombezi, na katika mashamba hayo meneja hakuwa mtu wa kutafuta vyumba vya kulala wageni. Meneja aliajiri, aliachisha, aliamua nani akate mkonge na nani aende kiwandani, na chini yake alikuwapo mnyapara, na chini ya mnyapara walikuwapo manamba waliotoka mbali kwa mkataba. Serikali ilipotaifisha sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, waliokalia viti wakabadilika, lakini neno halikubadilika wala uzito wake haukupungua. Kwa mzee yule, basi, meneja ni mwenye neno la mwisho. Akiambiwa kwamba meneja wa timu ya mpira ni yule anayebeba faili la leseni za wachezaji, anaona kwamba cheo kimeshushwa hadhi.

Siku chache baadaye tulikuwa Handeni, na huko tukakuta maana ya pili ikiwa imara vilevile. Wilaya hiyo iliwahi kuwa na timu katika Ligi Kuu, yaani JKT Mgambo, iliyocheza humo kuanzia msimu wa 2012/13 hadi iliposhuka mwaka 2016, pamoja na Coastal Union na African Sports za Tanga. (Mkoa mzima ulipoteza timu zake tatu kwa mkupuo mmoja, jambo hilo bado halizungumzwi kwa utulivu katika mkoa ule.) Waliokuwa wakisafiri hadi Mkwakwani kuitazama Mgambo walijifunza majina ya vyeo kutoka kwenye benchi lenyewe: kocha mkuu, kocha msaidizi, kocha wa makipa, meneja wa timu, daktari, mtunza vifaa. Katika mpangilio huo meneja si mkubwa wa kocha. Yeye ni mtu wa utaratibu. Akikosea, timu inachelewa kufika uwanjani; kocha akikosea, timu inafungwa.

Maana ya tatu imeingia kwa njia ya vibanda umiza, ambako ligi ya Uingereza hutazamwa kila Jumamosi na Jumapili. Huko Uingereza meneja, kwa desturi ya miaka mingi, ni yule anayefundisha, anayepanga kikosi na pia anayesema nani anunuliwe na nani auzwe. Kocha ni mwenye sehemu ya kwanza tu ya mamlaka hayo. Wenyewe hawafanyi mzaha na tofauti hiyo. Mikel Arteta alipoajiriwa na Arsenal Desemba 2019 alipewa cheo cha kocha mkuu. Septemba 2020 cheo chake kikageuzwa kuwa meneja, kwa maana kwamba madaraka yake yameongezwa. Manchester United nayo ilipomwajiri Rúben Amorim Novemba 2024 ilimpa cheo cha kocha mkuu, na waliozoea lugha ile wakatambua mara moja kwamba hatakuwa na madaraka aliyokuwa nayo Alex Ferguson. Wafasiri wetu wa habari za michezo huyapitia mageuzi hayo kama kwamba hayakutokea. Leo wanaandika meneja, kesho kocha, kesho kutwa mwalimu, mtu akiwa yuleyule na mkataba wake uleule. Wanadhani kwamba wanapamba maandishi kwa visawe. Kwa kweli wanafuta habari iliyokuwamo.

Sasa turudi kwa Simba. Oktoba 2025 klabu hiyo ilipomtambulisha Pantev, cheo kilichotangazwa kilikuwa cha meneja, si cha kocha mkuu. Hatuna shabaha ya kuhakiki uamuzi wa klabu. Hiyo ni kazi ya wanachama wake. Tunachohakiki ni namna neno lile lilivyopokelewa. Watu wa Korogwe walisikia kwamba ameletwa bwana mkubwa, atakayewatawala hata makocha. Watu wa Handeni walisikia kwamba ameletwa mtu wa safari na vifaa, wakauliza kwa nini atoke Bulgaria kwa kazi hiyo. Vijana wa vibanda umiza walisikia kwamba Simba imepata Ferguson wake. Baadhi ya watangazaji waliendelea kumwita kocha kama kawaida, na katika habari moja tuliyoisikiliza alikuwa meneja mwanzoni, kocha katikati, na mwalimu mwishoni. Ikumbukwe pia kwamba katika mashindano ya CAF cheo cha kocha mkuu kina masharti yake ya leseni. Kwa hiyo kuchagua baina ya maneno haya mawili si suala la ladha ya mwandishi. Alipoondoka kabla ya mwaka kwisha, wapenzi wakaanza kubishana nani amrithi, na kila mmoja alikuwa akitafuta mrithi wa kiti tofauti.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya barazani, na kwamba klabu kubwa zina wanasheria wao. Naam, wanao. Klabu ndogo hazina. Katika safari yetu hiyohiyo tulioneshwa mkataba wa ukurasa mmoja baina ya klabu moja ya kata, ambayo hatutaitaja, na mwalimu kijana wa shule ya msingi. Mkataba ulimwita meneja wa timu, kwa kuwa aliyeuandika alidhani hilo ndilo jina lenye heshima zaidi. Msimu mzima kijana yule aliendesha mazoezi, akapanga kikosi, akasimama kando ya uwanja kwenye jua na mvua. Timu ikafanya vizuri, zawadi ikapatikana, na kamati ikakaa kuigawa. Palikuwa na fungu la wachezaji, fungu la klabu na fungu la kocha. Kijana alipoulizia fungu lake, katibu akaufungua mkataba na kumsomea: wewe ni meneja, na fungu hili ni la kocha. Tena katiba ya klabu ilisema kwamba kocha huteuliwa na mkutano mkuu, na mkutano mkuu haukuwahi kumteua mtu yeyote. Fungu likarudi katika mfuko wa klabu.

Tuliombwa tuisome karatasi ile kwa jicho la lugha, tuone kama kuna pa kushika. Hapakuwapo. Kiswahili chake kilikuwa sanifu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila kosa la sarufi hata moja.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuyatupa maneno yote mawili ya kigeni na kutafuta la kwetu. Tunaiheshimu nia hiyo, lakini hebu tuyapime yaliyopo. Msimamizi limekwisha kupewa kazi nyingi mno: yupo msimamizi wa mtihani, msimamizi wa ujenzi, msimamizi wa mirathi. Mkufunzi hutumika sana na wenzetu wa magazeti ya Kenya kwa maana ya kocha, na hatuna ugomvi nao. Lakini Korogwe ni mji wenye chuo cha ualimu, na hapo mkufunzi ni yule anayewafundisha walimu watarajiwa. Zaidi ya hayo, neno hilo tunalihitaji katika michezo kwa kazi nyingine, yaani kumtaja anayewafundisha makocha wenyewe katika kozi zao. Tukilitoa kwa kocha, huyu wa pili tutamwita nani?

Mwalimu ndilo neno linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Ni neno letu, linafahamika na kila mtu, na limo vinywani mwa wachezaji tayari: mchezaji akihojiwa baada ya mchezo husema kwamba anamshukuru mwalimu kwa kumwamini. Kitenzi nacho ni chetu, kwa sababu kocha hufundisha timu au huinoa; hatujasikia mtu mwenye akili timamu akisema kwamba anaikochi. Lakini tazama namna neno linavyotumika. Mchezaji humwita mwalimu anapozungumza naye au anapomtaja kwa heshima. Klabu inapotoa taarifa kwamba imemwajiri au imeachana naye, humwita kocha. Ni nadra kusikia kwamba mwalimu ametimuliwa. Anayetimuliwa ni kocha. Hii ina maana kwamba wasemaji wamekwisha kugawana kazi bila kusaidiwa na kamati yoyote: mwalimu ni neno la kumwitia mtu, kocha ni neno la cheo. Aidha, katika nchi hii Mwalimu bila jina la mbele wala la nyuma ana mwenyewe, na hatuoni haja ya kulivuta neno hilo mpaka kwenye msimamo wa ligi.

Kwa hiyo kocha libaki. Wanaolionea haya kwa kuwa ni la mkopo wakumbuke kwamba hata Waingereza hawakulizaa. Lilitoka kwa jina la kijiji cha Kocs, huko Hungaria, palipokuwa pakiundwa magari ya kukokotwa na farasi; likawa jina la gari, kisha katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakamwita hivyo, kwa utani, mtu aliyewabeba hadi ng'ambo ya mtihani. Na asili ya meneja, kwa bahati ya kuchekesha, ni neno la Kiitalia la kumwongoza na kumzoeza farasi. Basi mmoja alikuwa gari na mwingine alikuwa mshika hatamu. Mzee wa Korogwe angefurahi kulijua hilo.

Tunachopendekeza kwa wafasiri ni kwamba waache kutafsiri neno na watafsiri madaraka. Anayefundisha na kupanga kikosi, hata kama kwao anaitwa kwa neno lililotupa meneja, aandikwe kocha mkuu. Akiwa na mamlaka ya usajili pia, sentensi moja iliyo wazi iseme hivyo. Anayeshughulikia safari, vifaa na nyaraka aandikwe meneja wa timu, kwa maneno yote matatu, kila mara. Meneja peke yake, bila kusema wa nini, tungependa liondoke kabisa katika habari za michezo, kama ambavyo hakuna ofisi ya serikali inayokubali mtu ajiandike "ofisa" na kuishia hapo.

Watumishi wa serikali wana neno jingine la kutuazima. Kocha anapoondoka ghafla, anayeshika nafasi huitwa kaimu kocha au kocha wa muda, na magazeti hayatofautishi. Anayekaimu anashika kiti cha mwingine kwa kuwa kiti kiko wazi au mwenyewe hayupo. Wa muda ameajiriwa kwa kipindi kinachojulikana. Haki zao za malipo hazilingani. Kadhalika kutimuliwa na kusitishiwa mkataba kwa makubaliano. Roberto Oliveira alipoondoka Simba siku chache baada ya kufungwa 5–1 na Yanga Novemba 2023, barazani palitumika neno moja tu, na tunalielewa kwa kuwa watu walikuwa na uchungu. Lakini mfasiri hana ruhusa ya kuwa na uchungu. Na uchungu huo haudumu: msimu wa 2024/25 Yanga ilifundishwa na makocha watatu mmoja baada ya mwingine, na bado ikatwaa ubingwa.

Yule mwalimu kijana hakupata fungu lake. Tulipokutana naye mara ya mwisho alikuwa amehamia klabu nyingine upande wa Handeni, akatuonesha mkataba mpya. Kwenye nafasi ya cheo alikuwa ameandika kocha mkuu. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameorodhesha kazi zake moja moja, ya kwanza ikiwa kupanga kikosi na ya mwisho kufunga lango la uwanja baada ya mazoezi, na mwenyekiti alikuwa ametia sahihi pembeni mwa kila mstari.